Namba ya Mapasa

Kyungu mutoto wangu,

Papa yako anakusalimia, kikohozi imepunguka, kazi anaenda. Nkambo yako, muzee wetu wa Kamalondo, anakusalimia, angali anagombana na meno yake. Ngoie mudogo yenu anakusalimia, anavaa viatu yako, ingali inamupita. Hata kuku yetu ya shingo bila manyoya iko muzima. Na Kabange, mwenzako wa tumbo moja, leo anakusalimia yeye mwenyewe. Juu ya ile njo ninaandika mbio!

Tangu kilio yako, ile siku tulikuzika, Kabange alikuwa anakula nusu sahani, kama anakuachia nusu. Hesabu, ile ulimufundishaka ku mulango ya jiko, hakugusa tena. Akaniambia: "Mama, ku masomo sirudi." Miye niliogopa kupoteza na wa pili.

Basi, jana jirani yetu Mama Aline akapita na samaki ya Kasenga. Akaita: "Mama Kabange!" Miye! Tangu muzaliwe babili pamoja naitwa Mama Mapasa. Nikafanya kama anaita mwingine.

Kabange alisikia ile jina, akatoka mu nyumba kama moto, akaokota makala pembeni ya jiko ya mbabula. "Mama Aline, sema namba tatu." Mama Aline akacheka: "Tatu, nane, tano." Kabange akaandika ku ukuta 385, na pembeni yake tena 385. Ikakuwa 385385, namba kubwa mpaka sikuweza kuisoma!

"Hii njo mapasa," akasema. "Sasa tunaigawa."

Nikalia nguvu: "Hapana! Mapasa hawagawanywe!" Unayua mwenyewe, kwetu ukipatia moja nguo, unapatia na mwenzake. Kabange akacheka. Akacheka, Kyungu! "Acha, Mama, Kyungu njo alinifundishaka."

Akagawa na saba: 55055, hakuna kilibakia. Na kumi na moja: 5005, hakuna. Na kumi na tatu... 385. Muzima, peke yake. Mama Aline akasahau samaki, nzi wakakula. Miye nikasema yangu, 207, nikajaribu 207207 mu telefone, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na ikarudia 207! Nilipiga vigelegele mpaka papa yako akatoka na sabuni ku uso.

Kisha woga ikanishika. Nikauliza: na mwenzake ameenda wapi?

Kabange akanieleza polepole. Saba mara kumi na moja mara kumi na tatu, inatoa elfu moja na moja. Ile elfu inapeleka wa kwanza kule mbele, ile moja inaacha wa pili hapa. Zidisha ule anabakia na 1001, bote babili wanarudia. "Kyungu hakupotea, Mama. Iko ndani."

Miye nilisoma kidogo tu, unayua. Lakini ile nilielewa.

Leo asubui Kabange alivaa nguo yake ya bulu na nyeupe, akaenda ku masomo. Alikula sahani muzima! Na Mama Aline akapita tena: "Mama Mapasa, samaki!" Nikaitika mpaka ku barabara. Nikakamata mbili.

Ukuta ile sitaipaka rangi. Na nguo, nikishonesha ya Kabange, nitashonesha mbili, vile vile.

Lala muzuri, mutoto wangu. Lakini utume jibu mbio, mu ndoto ao fasi yoyote unaweza. Namba tatu tu. Mwenzake tutaandika siye.

Miye Mama Mapasa