Dashibodi ya Maji na Nani Aruhusiwe Kuitazama

KAMATI YA WAKAZI WA JENGO
Kumbukumbu za kikao cha sita kilichofanyika Jumamosi tarehe 14, saa tisa alasiri, katika chumba cha baiskeli, ghorofa ya chini

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, nyumba ya 1A
Mama Pacha, fundi cherehani, Mhazini, nyumba ya 3B
Mtaalamu wa kompyuta, mtengenezaji wa dashibodi, nyumba ya 3A
Nesi Mstaafu, mjumbe, nyumba ya 4A
Dereva wa teksi, mlalamikaji, nyumba ya 2A
Katibu, nyumba ya 2B

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Fundi wa mabomba. Tangi la jengo la jirani linavuja na wamemshikilia.

KUMB. NA. 1/K6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwakaribisha wajumbe. Viti havikutosha. Zamani vilishushwa kutoka 2B na marehemu mume wa Katibu, ambaye hakuwahi kuombwa, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa kazi. Dereva na Mtaalamu walikalia matairi. Mwenyekiti aliagiza simu zote zizimwe, kisha simu yake ikalia.

KUMB. NA. 2/K6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO
Kulikuwa na sahihisho moja. Marehemu mume wa Katibu aliandikwa kati ya wasiohudhuria kwa udhuru. Katibu alieleza kwamba mkono ulikwenda wenyewe, maana ndivyo alivyomwandika kila alipokuwa zamu kazini. Mama Pacha alisema liachwe tu, halimdhuru mtu. Mwenyekiti alisema kumbukumbu ni kumbukumbu. Jina lilikatwa kwa mstari mmoja mwembamba, ili bado lisomeke. Kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/K6: TAARIFA YA DASHIBODI
Mtaalamu alikumbusha chanzo cha jambo hili. Maji ya tangi la paa yalikuwa yanakwisha kabla ya adhuhuri na kila nyumba ilikuwa inaishuku nyingine. Kamati ikafunga mita ndogo kila nyumba, naye akatengeneza dashibodi, yaani ukurasa mmoja unaoonyesha kwa mistari na rangi maji yanayotumiwa na kila nyumba siku nzima. Ukurasa huo unaonekana kwenye simu, na pia kwenye skrini iliyotundikwa karibu na lifti. Haukupita muda ukaonyesha kwamba bomba limepasuka nyuma ya ngazi. Likazibwa, na maji hayajakatika tena.

Mtaalamu alisema yeye alidhani kazi imeishia hapo. Badala yake kila mjumbe amekuwa akimletea grafu anayoitaka. Mwenyekiti alitaka ya lifti. Mama Pacha alitaka ya kamba za kuanikia nguo. Sasa ukurasa una grafu nyingi kuliko nyumba, na ile ya kamba haina kipimo chochote, Mama Pacha huijaza kwa kukadiria. Mama Pacha alijibu kwamba makadirio yake yana ukweli zaidi kuliko grafu ya lifti, inayosema lifti inafanya kazi.

Kuhusu ruhusa, Mtaalamu alieleza kwa mara nyingine kwamba ziko za aina mbili, ya kutazama na ya kuhariri. Mpango ulikuwa wa kuhariri awe yeye na fundi wa mabomba tu. Alipokagua wiki hii alikuta jengo zima linahariri, pamoja na watu waliohama. Aliomba kujua ilikuwaje.

Mwenyekiti alieleza kwamba ni yeye aliyewapa. Kila aliyebisha hodi kwake akaomba alipewa, kwa kuwa hawezi kumnyima jirani kitu ambacho hakipungui kikitolewa. Mtaalamu aliuliza kuhusu nenosiri lililobandikwa chini ya skrini kwa karatasi na herufi kubwa. Mwenyekiti alisema alilibandika kwa sababu watu walikuwa wanamgongea akiwa amelala mchana. Mtaalamu aliinamisha kichwa kwa muda na Mwenyekiti akamuuliza kama anaumwa.

KUMB. NA. 4/K6: MAJINA YALIYOBADILISHWA
Ilielezwa kwamba mtu asiyejulikana aliingia kwenye dashibodi na kubadilisha majina ya nyumba. 3B ikawa "Kisima cha Pacha", 4A ikawa "Darubini", na 1A ikapewa jina ambalo Mwenyekiti hakulisoma. Katibu analiandika kwa ajili ya usahihi: ni "Kiboko".

Mwenyekiti alimtaka mhusika ajitokeze mwenyewe kiungwana. Hakujitokeza mtu. Mama Pacha alikohoa. Mwenyekiti aliuliza anakohoa nini. Mama Pacha alisema, "Vumbi la baiskeli, Mwalimu."

Mwenyekiti aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba yeye huoga mara moja kwa siku, na kwamba maji mengi ya 1A ni ya maua ya mlangoni, ambayo kila mtu huyasifia bila kuyamwagilia. Imeingia.

KUMB. NA. 5/K6: MALALAMIKO YA NYUMBA YA 2A
Dereva alieleza kwamba anaishi peke yake, kwa kuwa mke wake anafanya kazi mji mwingine. Mwezi huu maji ya 2A yaliongezeka maradufu. Nesi Mstaafu, ambaye hutazama mistari ya nyumba zote kila asubuhi, aliliona hilo akalisema kwenye ngazi mbele ya watu: siku hizi 2A wanaoga wawili. Neno hilo lilimfikia mke wake kabla yeye hajarudisha gari. Alipigiwa simu akaulizwa ni nani huyo wa pili.

Huyo wa pili ni mdogo wake, aliyekuja kupimwa hospitali. Alimsihi asimwambie mtu, hata shemeji yake, mpaka majibu yatoke. Dereva alisema sasa imebidi aeleze kwenye simu, kwenye ngazi na leo hapa, na majibu yenyewe bado. Kisha alimgeukia Nesi Mstaafu akasema:

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini umeingia bafuni kwangu bila kupiga hodi."

Nesi Mstaafu alisema hakuwa na nia mbaya, alisema tu. Mama Pacha alisema kusema tu ndiko kunakowamaliza watu kwenye ngazi hizi, na mwenzetu hakuitwa Bi Darubini bure. Hapa wajumbe walicheka. Mwenyekiti aliagiza jina la utani lisiandikwe. Limeandikwa mara hii moja ili baadaye ieleweke watu walikuwa wanacheka nini.

Nesi Mstaafu hakucheka. Alimwomba Dereva radhi mbele ya kikao. Akaongeza kumuuliza mdogo wake anapimwa nini. Dereva alisema hilo hasa ndilo analolalamikia.

KUMB. NA. 6/K6: MAPENDEKEZO
Dereva alipendekeza Nesi Mstaafu aondolewe kwenye dashibodi, na pia aondolewe kwenye kamati, ambayo amekuwa ndani yake tangu ilipoundwa. Mama Pacha aliunga mkono yote mawili. Mwenyekiti alimuuliza Nesi kama ana la kusema. Alisema hana. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani.

Mtaalamu alipendekeza waondolewe wote. Kila nyumba ione mstari wake tu, fundi wa mabomba aone yote kwa sababu ndiye anayetafuta uvujaji, skrini ya karibu na lifti ionyeshe tangi la paa na si kitu kingine, na vipimo vyote vya zamani vifutwe. Wajumbe walilisifu pendekezo hili, kila mmoja kwa ajili ya wenzake. Mama Pacha aliuliza kama "wote" inamhesabu na Mhazini. Mwenyekiti aliuliza kama inamhesabu na Mwenyekiti. Mtaalamu alijibu ndiyo kwa kila aliyeuliza, na wengine waliuliza tena kwa maneno mengine. Mjadala huu ulikula muda mrefu na haukuzaa kitu cha kuandikwa.

Katibu aliuliza kama vipimo vya zamani vya 2B vinaweza kubaki. Mtaalamu alisema vinaweza. Hakuuliza sababu.

KUMB. NA. 7/K6: MAELEZO YA KATIBU
Kabla ya kura Katibu aliomba nafasi ya kuzungumza, na akaomba mtu mwingine aandike sehemu hii kwa kuwa inamhusu. Mwenyekiti alikataa, akasema mwandiko wa Mama Pacha husomwa na Mama Pacha peke yake. Kwa hiyo Katibu anaandika kama alivyosema.

Katibu alisema kwamba baada ya mazishi ya mumewe ndugu walikaa naye, wakapika, wakafua, kisha wakarudi makwao, kwa sababu kila mtu ana kazi. Walipoondoka mstari wa 2B ulishuka mpaka chini ukalala hapo. Waliopita mbele ya skrini walidhani Katibu amekwenda kwao kupumzika. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa ndani. Hakuwa mgonjwa, ila hakuona sababu ya kufungua bomba. Zamani mstari wa 2B ulikuwa na kilima kila alfajiri, maana marehemu alinyoa ndevu huku maji yanatiririka, na Katibu alimgombeza kwa jambo hilo miaka yote ya ndoa yao.

Aliyegonga mlango ni Nesi Mstaafu. Hakutoa pole, kwa kuwa alishaitoa msibani. Alisema:

"Mwanangu, tangu juzi hujafungua bomba. Weka maji jikoni, nimekuja kunywa chai."

Akasimama kwenye mlango wa jiko mpaka sufuria ikajaa. Kesho yake alirudi, akadai chai ya jana ilikuwa nyepesi. Siku iliyofuata alisema imezidi majani. Aliendelea kuikosoa chai hiyo mpaka Katibu alipoanza kumjibu.

Katibu alisema hasemi haya ili malalamiko ya Dereva yapuuzwe. Dereva ameumizwa, na mdogo wake pia. Kama kura ni ya kufunga mistari, yeye atanyoosha mkono. Lakini kama ni ya kumtoa Nesi kwenye kamati, hatanyoosha, na anaomba wajumbe wajue ni kwa nini.

Mwenyekiti alisema hakujua. Mama Pacha alisema yeye aliuona mstari ule umelala, akadhani mita imeharibika, akamwambia Mtaalamu. Mtaalamu alisema ni kweli, alishuka mpaka ghorofa ya pili akaikagua mita iliyo nje ya mlango wa 2B, akaikuta nzima, akaandika kwamba 2B hakuna tatizo. Alisema hayo akiwa anatazama sakafu.

KUMB. NA. 8/K6: MAAMUZI
Dereva ndiye aliyesema kwanza. Aliondoa nusu ya pendekezo lake. "Kamati abaki," alisema. "Lakini mstari wangu asiuone tena." Nesi Mstaafu alisema ni haki yake. Pendekezo la Mtaalamu lilipitishwa na wote, isipokuwa vipimo vya 2B havitafutwa.

Katibu aliomba liongezwe jambo moja: nyumba ikitaka, ichague mtu mmoja nje ya nyumba hiyo wa kuutazama mstari wake, na achaguliwe na mwenye nyumba mwenyewe, si na Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema hakuona haja ya kutajwa. Likapitishwa.

Mtaalamu alifungua kompyuta juu ya kiti cha baiskeli ya mtoto na kufuta ruhusa zote pale pale. Simu za wajumbe, zilizotakiwa kuwa zimezimwa, zililia moja baada ya nyingine kuwaarifu kwamba wameondolewa. Mama Pacha alisoma ujumbe wake akasema hajawahi kufukuzwa kazi na sasa anajua ladha yake. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kubandua karatasi ya nenosiri, akarudi nayo mfukoni. Mtaalamu aliiomba na kuichana.

Kisha kila nyumba iliulizwa imemchagua nani.

Mwenyekiti alisema hamtaki mtu yeyote, na jina la 1A lirudishwe leo hii. Mama Pacha aliuliza kama anaweza kuchagua kadhaa. Hawezi. Akasema basi hakuna. Mtaalamu alisema amechoka kutazama mistari na wake asingependa umchoshe mwingine.

Dereva alimchagua mke wake. "Auone mwenyewe, asiambiwe na watu," alisema. "Lakini kwanza nitamwomba mdogo wangu ruhusa."

Kwa 2B, Katibu alimchagua Nesi Mstaafu.

Kwa 4A, Nesi Mstaafu alisema paachwe wazi. Watoto wake wako mbali na wana shughuli zao, na yeye hakuzoea kutazamwa, amezoea kutazama. Katibu aliomba aandikwe yeye, kama mwenye nyumba ataridhia. Nesi Mstaafu alimuuliza:

"Utaona nini huko? Mtu mzima mmoja na birika."

Katibu alisema ndicho anachotaka kukiona, kila asubuhi. Nesi Mstaafu alifungua mkoba wake, akaufunga, akasema haya. Imeandikwa: 4A, Katibu.

KUMB. NA. 9/K6: MENGINEYO NA KUFUNGA
Iliamuliwa kwamba kuanzia kikao kijacho viti vitashushwa na wajumbe kwa zamu. Dereva alisema atapandisha vya leo. Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili kasoro robo, kwa kuwa mwanga wa dirishani ulikuwa umepungua na taa ya chumba cha baiskeli imeungua tangu kikao cha nne, ingawa dashibodi inaonyesha inawaka.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

.................................
Mwenyekiti, 1A

.................................
Katibu, 2B