Ndoo Tatu za Kupima Kioo

Garissa, Jumapili jioni, 1966

Hatimaye nimekimaliza kile kioo cha nyuma cha gari langu. Nimekwangua kutu kwenye fremu yake, nikaipaka rangi, kioo nikakivisha mpira mpya kwa kamba na maji ya sabuni. Njia imefungwa kwa sababu ya mashifta; siku jeshi litakaporuhusu msafara wa magari kwenda Nairobi, gari lisinicheleweshe.

Jirani yangu Abdi, muuza ngozi, alimwaga ndoo ya maji juu yake huku mimi nimekaa ndani nikitazama.

"Mwalimu, inavuja?"

Hakikuvuja hata tone. Lakini yale maji yalivyopiga bati la gari, ilikuwa mvua ya kwetu Limuru kabisa, na mke wangu ananiita niingize kuni. Miezi minane sijamwona.

"Sijaona vizuri," nikadanganya. "Mwaga tena."

Akamwaga. "Na sasa?"

Nikafumba macho, nikasikiliza.

Ndoo ya tatu aliileta mwenyewe, akaimwaga polepole, bila kuniuliza kitu.