Mjomba wa Agata na Upepo wa Juu

Temeke, Jumapili.

Eti mie nachezea maputo! Ndivyo alivyosema mjomba wa Agata leo, nilipokwenda na mshenga wangu kuposa. Mtu mwenyewe hatazami juu ila akitafuta nazi.

Nilimweleza kwa adabu kwamba pale uwanja wa ndege tunarusha maputo tuujue upepo mkali unaopita juu kabisa ya bahari. Haukai mahali pamoja. Leo uko kaskazini, kesho umehamia kusini, mara umefifia.

"Sasa ukishaujua nao umeshahama," akasema, "mtoto wetu atakula nini?"

Mjinga yule! Ndege za Wazungu haziruki mpaka tuseme.

Akauliza tena, "Haya, kijana, siku ya harusi mvua itanyesha?"

Nikasema sijui.

Yeye acheke atakavyo. Lakini nyuma ya pazia nilimsikia Agata naye akicheka.