Redio Iliyokuwa Hailali

Mpendwa Baba Kemi,

Gari lako limewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza hali.

Unakumbuka siku ulipofunga ile redio mpya? Uliegesha pikapu pembeni ya kibanja, kwenye kivuli cha migomba, ukatandaza nyaya za kila rangi juu ya kiti kama mtu anayechambua maharage. Nikakwambia uipeleke kwa fundi kule Nkwenda. Ukanijibu, "Fundi atajua nini kuhusu gari langu?" Ulikuwa na kichwa kigumu, nami nilikupenda hivyo hivyo. Jioni redio ikaimba. Ufunguo wa gari ulikaa shada moja na wa stoo ya kahawa, na shada lilikaa kwenye pindo la kanga yangu. Ukanirudishia ukicheka, ukasema, "Sasa sitakusumbua. Itaimba hata bila ufunguo."

Tangu hapo matangazo ya vifo tuliyasikiliza garini, milango ikiwa wazi, mimi nikimenya ndizi. Yakiisha ulizima redio, ukafungua boneti, ukainama humo kidogo, ukafunga taratibu. Mimi nilikuwa nikikutania, "Umeshamuaga mke mwenzangu?" Asubuhi nayo ulikaa unaitafuta stesheni upya, mikungu imeshapakiwa, nami nalalamika kwamba redio yako ni sahaulifu kuliko shangazi yako. Ulicheka tu na kuendelea kubonyeza.

Masika haya yaliyopita jina lako lilisomwa kwenye matangazo yale yale. Nilisikiliza garini, peke yangu, na milango niliifunga.

Matanga yalipoisha, gari likaanza vituko. Kila asubuhi betri imekufa, majirani wanasukuma mpaka kwenye mteremko. Nikanunua betri mpya, ikafa vile vile. Watu wakaanza kunong'ona. Mdogo wako, Shemeji Deo, ndiye aliyekuja kulisema wazi, kwa lile "waitu" lake la kubembeleza: "Waitu, Mama Kemi, gari hili mwenyewe hajaliachia. Jumapili baada ya misa nakuja na mnunuzi."

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Bila gari, ndizi zangu zingeuzwa hapa hapa Songambele kwa bei anayoitaka mpita njia, na Kemi yuko sekondari. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimeanza kuyaamini maneno yao. Nilijiuliza kama kweli hutaki niliendeshe gari lako, na hilo liliniumiza kuliko yote.

Ijumaa likasukumwa, nikaenda nalo Nkwenda kwa fundi Shabani. Alilizima, akachomoa waya mmoja wa betri, akaweka kitaa kidogo kati ya waya na betri. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, lakini kitaa kikawaka.

"Kuna kitu kinakula umeme," akasema.

Akawa anachomoa fyuzi na kuzirudisha, moja baada ya nyingine. Alipochomoa ya redio, kitaa kikazimika. Akajipenyeza chini ya dashibodi, akatoka anatabasamu.

"Pole, mama. Gari halina mzimu. Redio ndiyo hailali."

Akanionyesha. Waya wa njano huenda moja kwa moja kwenye betri, ndio unaotunza stesheni. Mwekundu husubiri ufunguo. Wewe uliunga zote mbili kwenye betri, kwa hiyo hata ukiizima, redio inabaki macho na kunyonya umeme mpaka asubuhi.

"Mzee alikuwa anachomoa waya wa betri kila jioni?" akauliza.

Kumbe hukuwa ukimuaga mtu. Ulikuwa ukichomoa waya, mvua inyeshe isinyeshe, na asubuhi redio imesahau kila kitu, ili tu usiniite nilete ufunguo. Nililia pale gereji, Baba Kemi, halafu nikacheka, fundi wa watu akabaki ananitazama.

Ameuhamishia waya mwekundu kwenye ufunguo. Jumapili Shemeji Deo alikuja na mnunuzi wake. Nilitoa ufunguo kwenye pindo, nikawasha mara moja tu, gari likanguruma, na redio ikaanza yenyewe kwenye stesheni yako. Mnunuzi akaelewa haliuzwi, akaaga. Shemeji akasema, "Basi, waitu, siku ya soko utanifikisha Nkwenda?" Nimemwambia atapanda nyuma na ndizi.

Jana jioni, matangazo yalipoisha, nilitoka nikafungua boneti. Hakukuwa na cha kuchomoa. Nilisimama hapo kidogo, nikafunga taratibu kama ulivyokuwa ukifunga, nikaingia ndani.

Pumzika sasa, Baba Kemi. Redio inalala yenyewe.

Mkeo,
Mama Kemi