Milango Miwili Njiru

Jericho, Nairobi
1 Mei 2024

Mama mpendwa,

Tangu Jumapili ninasikia sufuria zako. Kabla simu yako haijaingia maji, nilizisikia zikielea jikoni na kugongana polepole, kama wageni wanaobisha hodi bila haraka. Hata kazini ninazisikia.

Mgongo unaendeleaje? Hapo kambini unalala pakavu? Sisi tu wazima. Mume wangu amekununulia kitanda. Tumekiweka sebuleni, nyuma ya pazia. Njoo, Mama. Ziwa limeshaingia nyumbani, halina haraka ya kutoka. Javan, dereva wa basi la Kisumu, atakuletea barua hii na kusubiri jibu.

Binti yako,
Amondi

Kambi ya shule, Nyando
6 Mei 2024

Amondi nyar-wa, binti yetu,

Salamu nyingi. Mgongo unauma, mdomo mzima.

Mwambie Matheka asante kwa kitanda. Yeye ni Mkamba, nimemsamehe. Lakini wewe? Tangu lini mama Mjaluo akalala nyumba moja na mkwe wake? Nimsikie akikoroma, kisha asubuhi nimsalimie kwa uso upi? Hata yule kiboko aliyelala kwenye mahindi yangu angenicheka.

Wiki ijayo wanafunzi wanarudi, sisi tutoke. Nitarudi nyumbani. Maji ni ya magotini tu. Nitainua kitanda kwa mawe. Kaburi la baba yako limezama, msalaba bado unaonekana. Usilie.

Mama yako,
Perez

Njiru, Nairobi
19 Mei 2024

Mama,

Homa imepungua? Javan ameniambia alikukuta nyumbani umeketi juu ya meza, miguu imevimba, nawe unamtania kuhusu kitambi chake.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira: kwanza nawe, kisha na ziwa. Hasira ilipoisha nilibaki na woga tu. Nikamwambia Matheka, "Mama yuko radhi kufa majini kuliko kutuvunjia heshima."

Unajua alizaliwa katika nyumba ile ya Jericho. Maua ya mlangoni aliyapanda marehemu mama yake. Alimaliza ugali wake, akanawa mikono, ndipo akasema, "Basi tuhame. Na mwambie Mama huko nitakoroma kwa uhuru."

Huku Njiru tumepata ua mmoja wenye nyumba mbili, kila moja na mlango wake. Yako ina jiko lake. Mkwe wako atakusalimia akiwa nje, hatavuka kizingiti. Maji yakishuka, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa Baba.

Javan atakupitia keshokutwa asubuhi. Ufunguo wako anao.

Usiniandikie kukataa. Nyumba ya Jericho tuliikabidhi jana, na usiku nimelala hapa.

Binti yako,
Amondi