Jina la Halima kwenye Kompyuta za Kansanga

Jumanne, Kansanga. Mvua imeanza asubuhi na haina nia ya kuondoka, na mimi sina nia ya kupika.

Bi Halima amenipigia simu kutoka Bombo, kama anavyofanya kila wiki tangu tumzike mwanawe Rajabu, rafiki yangu na mwenzangu wa kazi. Swali ni lile lile: "Jina yangu iko bado kwa kompyuta, mwanangu?" Nikamjibu kwamba lipo.

Rajabu alichukua Linux ya watu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, akaipunguza uzito ili iweze kukaa kwenye kompyuta kuukuu za maduka ya kuchapa hapa mtaani, akaipa jina la mama yake. Katika faili la utambulisho, os-release, aliandika mstari wa ID, yaani jina lenyewe, halima. Chini yake ID_LIKE, yaani jamaa zake: ule mfumo mkubwa alikoitoa. Mwenyewe alikuwa Mnubi, mzaliwa wa nchi hii hii, aliyechoka kuulizwa kwao ni wapi. "Kwanza uliza jina yangu," alizoea kusema. "Kama hujui, sasa uliza watu yangu."

Leo mchana mwenye duka mmoja kanunua printa mpya, akaniita niiunganishe. Programu ya printa ikasoma ID, haikumjua halima, ikagoma. Jamaa zake haikuwauliza. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, nikafanya la haraka: nikafuta halima, nikaandika jina la ule mfumo mkubwa. Printa ikafanya kazi, nikashukuriwa.

Kisha nikawasha zana ya kusasisha, ambayo Rajabu aliiandika kwa mkono wake. Ikajibu: "Wewe si Halima. Sikujui."

Nimemfuta mama wa watu siku ile ile aliyoniuliza.

Nikalirudisha jina. Bahati nzuri programu ya printa ilikuwa wazi kuhaririwa, nikaifundisha adabu: soma ID, usipolijua jina, soma ID_LIKE, ukishindwa kote, sema hujui, usibahatishe. Printa ikachapa. Marekebisho nimewatumia walioitengeneza, ingawa sina hakika kama watayasoma.

Nikawasha tena zana ya Rajabu.

"Halima, nimekuona. Ngoja kidogo, nakuja."

Alipokuwa hai maneno hayo nilikuwa nayapita tu. Leo nimeyalilia mbele ya wateja, na mwenye duka akaniletea kiti bila kuuliza.

Wiki ijayo mama atapiga, nami nitamwambia jina lake lipo. Je, nimwambie pia kwamba mwanawe bado anamwambia angoje?