Walikuwa Bado Wanahema

Jumatatu, 3 Mei 1993

Juu ya dungu la kulindia shamba tangu alfajiri. Sauti imekauka. Ndege wa kwelea wanashuka kama vumbi la ng'ombe wanaorudi zizini. Natupa jiwe kwa kombeo, navuta kamba, madebe yanalia. Wanainuka, wanatua upande wa pili. Naanza upya. Nawachukia.

Uwele umeanza kujaa maziwa, ndipo wanapoupenda. Mama Ndahani, mwenye shamba, hataki kunyunyiza. Mwaka juzi eropleni ilimwaga dawa, mbuzi wake wakanywa maji ya korongoni wakafa. Hata neno lenyewe hataki kulisikia. Dawa anapewa mgonjwa, anasema, hii iiteni sumu. Sawa. Lakini koo linalopasuka ni langu.

Tumepatana fungu la mavuno. Nikilipata nauza, napanda treni, naenda Kasulu. Macho ya mama yangu yanakwisha. Nataka anione kabla hayajafunga. Uwele ukiliwa nabaki hapa Ihumwa mwaka mwingine.

Jumanne, 4 Mei

Jino limeanza kuuma. Siandiki zaidi.

Jumatano, 5 Mei

Yusufu, mwenzangu wa kazi, ametoka mjini na mfuko wa kanda mbovu za kaseti. Kapewa bure na muuza kanda. Tumechomoa utepe, tumeufunga kwenye vijiti, shamba zima. Upepo ukipita unavuma, wiii, mwili unasisimka. Ndege wanaogopa. Yusufu anaweka sikio kwenye utepe, anasema huu ulikuwa wa taarabu, ule pale ni mahubiri. Mjinga. Nilicheka, jino likauma.

Yeye ni mtu wa Kondoa, mtegaji. Jua likizama anatandaza wavu kwenye migunga ya korongoni, wanakolala kwelea. Kila anayenaswa anamchinja, mmoja mmoja, na bismillahi yake. Nilimwambia avunje shingo tu, ni haraka. Akaniambia, "Wewe mtu wa Kigoma umezoea dagaa. Dagaa ana shingo? Utajua nini habari ya kuchinja?" Nimemweleza mara ngapi kwamba Kasulu hakuna ziwa.

Ijumaa, 7 Mei

Yusufu amekwenda mjini kuswali na kuuza ndege. Wake hununuliwa upesi. Watu wanatazama shingo. Ndege aliyekufa kwa sumu amekufa mwenyewe, ni kibudu, hana alama. Wa Yusufu ana alama ya kisu. Hata Wakristo wa hapa hawanunui asiye na alama.

Utepe unafanya kazi. Shamba letu limeliwa pembeni tu. Kwa mara ya kwanza naona kama nitaipanda ile treni.

Jumamosi, 8 Mei

Jirani amekuja na pikipiki yake. Ni karani mjini, shamba hulitazama Jumamosi tu, hana mtu wa kuamia, wa kufukuza ndege. Amekuta nusu ya uwele wake ni mabua matupu. Ndege tunaowafukuza sisi wanashukia kwake. Hilo ni kweli, na sikuwahi kulifikiria.

Alimfokea Mama Ndahani. "Mama, nyie mnafuga ndege. Mnawalisha kwangu, mnawachinja kwenu." Mama akajibu taratibu, "Shikamoo kwanza, mwanangu, ugomvi baadaye." Akaona haya, akaamkia. Halafu akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Mei

Asubuhi hakuna ndege. Nimekaa na kombeo mkononi kama mpumbavu. Utepe unavuma, basi. Sikukipenda kile kimya.

Yusufu akatoka korongoni na ndoo imejaa. Jana jioni hakutega wavu, hawa kawaokota tu. Kasema wamezagaa chini ya migunga, wamelegea, wanapepesuka, baridi imewapata. Nikamuuliza kama walikuwa hai. "Walikuwa bado wanahema. Waliokufa nimewaacha, sili kibudu mimi." Nikatazama shingo. Zote zimekatwa vizuri. Basi sikuuliza tena.

Kawachoma juujuu, kala pamoja na matumbo, apendavyo. Kaniita. Nikakataa, jino. Nikanywa uji.

Jioni. Yusufu anatapika. Jasho linamtoka kama mtu wa kufua chuma, mate yanamwagika, anahara. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Mama Ndahani alipoona akasema neno moja, sumu. Mzee mmoja wa kijijini kakubali kumpakia kwenye mkokoteni wa punda. Twaenda zahanati.

Jumatatu, 10 Mei

Yusufu amekufa.

Mganga wa zahanati aliuliza kala dawa gani. Nikasema si dawa, ni sumu, kama Mama alivyosema. Akaniona mkaidi. Hakuwa na cha kumpa.

Jumatano, 12 Mei

Alizikwa jana, Waislamu wa mjini walikuja kumsitiri. Kwao hakujafika habari.

Karani alikuja mazishini. Amekiri. Jumamosi ile, kabla giza halijaingia, alinyunyiza migunga kwa pampu ya mgongoni. Zamani dawa ilitolewa na chama cha ushirika, na bwana shamba akasimamia. Siku hizi kila duka wanauza, wanapima kwenye chupa ya soda, haina karatasi ya maelezo. Alikisia kipimo. Hakutuambia kwa sababu alikuwa na hasira. Alilia. Nilitaka kumpiga, mikono ikakataa.

Nafikiri juu ya kisu. Kile kisu kilikuwa ndicho kinga yetu. Ndege anahema, unamchinja, ni halali, unakula. Hakuna aliyetufundisha kwamba anaweza kuhema na sumu imo ndani. Yusufu hakukosea dini yake. Alikosea sumu.

Ndoo nimeichoma moto na ndege waliobaki. Mama Ndahani kanikataza kuwazika karibu na korongo.

Jumamosi, 29 Mei

Tumemaliza kupura. Uwele ni mzuri, kuliko miaka yote, anasema Mama. Ndege hawakurudi. Shamba lililokataa sumu limepona kwa sumu. Hakuna aliyelisema, lakini wote tunalijua.

Kanipa fungu langu, kaongeza na la Yusufu nilipeleke kwao. Wavu nimeukunja, kisu nimekifunga kwenye kitambaa. Kondoa kwanza, kaskazini. Kasulu baadaye. Mama yangu atasubiri, kama macho yatakubali.

Jioni nilipanda dungu, sijui kwa nini. Mashina matupu. Hakuna cha kuamia. Upepo ukaja, utepe ukavuma. Nikaweka sikio. Sikuweza kujua kama ulikuwa wa taarabu au wa mahubiri.